Ngozi kati ya vidole: mbwa wa Ituri na mbwa wa maji

Wiki hii sitaongea mihogo wala bei ya mbolea. Naongea vidole vya mbwa.

Shika mbwa anayekuzoea (usijaribu na ule wa jirani), inua mguu wake wa mbele, panua vidole polepole. Utaona ngozi nyembamba inayounganisha kidole na kidole. Iko kwa mbwa wako, iko kwa mbwa wa soko kuu, iko kwa mbwa wa polisi. Sasa hapa Bunia kumeingia maneno kwenye biashara ya mbwa: muuzaji anafungua vidole vya mtoto wa mbwa mbele ya mteja, anaonyesha ile ngozi, anasema "angalia, miguu sawa ya bata, huyu ni rasi ya kweli", na bei inapanda palepale. Tangu usalama uharibike kila mtu anataka mbwa mkubwa wa kulinda parseli, na muuzaji anajua hivyo. Kama uko na pesa ya kununua mbwa, uliza karata ya chanjo ya kichaa na ya ugonjwa wa Carré, omba kuona mama yake, acha vidole.

Lakini maneno ya muuzaji hayakutoka hewani. Yako na historia, na hiyo historia inapita Kanada, inapita Uingereza, kisha inakuja kugusa msitu wetu wa Mambasa. Njo maana naiandika.

Kwanza biolojia kidogo, tusipotee. Tumboni mwa mama, mguu wa mbwa unaanza kama kijiko bapa, hakuna vidole. Mkono wako na wangu ulianza vilevile. Kisha seli zilizo katikati ya vidole zinapata amri ya kufa, zinakufa kwa mpango, na vidole vinaachana. Kwa bata kuna protini inayozuia ile amri miguuni, ngozi inabaki mpaka mwisho. Kwa kuku amri inapita, ngozi inaondoka. Mbwa yeye yuko katikati: seli nyingi zinakufa, ngozi kiasi inabaki. Kwa hiyo swali la kuuliza si "mbwa huyu ana ngozi ao hana?" Swali ni "ngozi imefika wapi?"

Na mtu aliyeuliza swali hilo vizuri mbele ya wengine ni Charles Darwin. Wengi wetu tulimsoma kwa ajili ya mitihani, ndege za Galápagos, basi, kitabu kikafungwa. Mwaka 1868 alitoa kitabu kingine, kikubwa, juu ya wanyama na mimea inayofugwa, na mimi nasema kwa mtu wa agronomi kile kina faida kuliko cha 1859. Kimejaa njiwa, kabeji, sungura, ng'ombe. Kwenye sura ya mbwa, Darwin alifanya kazi ambayo kila mmoja wetu angeweza kufanya: alipanua vidole vya mbwa na kuangalia kwa chini.

Alichukua mbwa wawili wa Newfoundland. Hao ni mbwa wakubwa sana, wenye manyoya mazito, waliotoka kisiwa cha Newfoundland upande wa Kanada, mahali ambapo watu waliishi kwa samaki na mbwa alifanya kazi na wavuvi kwenye maji ya baridi kali. Kwa hao wawili ngozi ilikwenda karibu mstari ulionyooka kutoka kidole mpaka kidole. Kisha akaangalia mbwa wawili wadogo wa aina ya terrier, wale wa kufukuza panya na kuingia kwenye mashimo. Kwao ngozi ilikuwa imechotwa ndani, sawa mtu amekata kipande kwa kijiko. Rafiki yake mmoja alimwangalilia pia mbwa wa kuwinda fisi maji, akawalinganisha na mbwa wengine wa kuwinda. Akakuta wote wana ngozi, inatofautiana mbwa kwa mbwa, lakini kwa wale wa fisi maji imeenea zaidi.

Mtu mwingine angesimama hapo. Darwin akaenda mbele hatua moja, na hiyo hatua njo roho ya habari yote hii. Alisema kwamba hakuna mtu aliyewahi kuchagua mbwa wake wa maji kwa kupima ngozi ya vidole. Mvuvi alikuwa anaangalia kazi tu: nani anaogelea vizuri, nani anarudisha ndege aliyepigwa risasi akaangukia majini. Huyo anapewa chakula, anazalisha, watoto wake wanatafutwa na majirani. Vizazi vinapita, ngozi inaongezeka kidogo kidogo, na mwenye mbwa hajui hata kama iko. Darwin aliita hiyo uchaguzi usio wa kukusudia. Mtu anachagua kazi, mwili unafuata nyuma.

Kisha wakati ukabadilika. Uingereza walianzisha Kennel Club mwaka 1873, Marekani wakaanzisha yao mwaka 1884, wenye mbwa wa Newfoundland wakapata chama chao mwaka 1886. Maonyesho yakaenea, vikombe, waamuzi. Na kila aina ikaandikiwa karatasi inayosema mwili wake unapaswa kuwa namna gani: masikio, mkia, rangi. Kwenye karatasi ya Newfoundland iliandikwa kwamba vidole viwe na ngozi. Kitu kilichokuja chenyewe nyuma ya kazi kikageuka kuwa sharti, hata kwa mbwa ambaye hajawahi kuona mashua. Muuzaji wetu wa Bunia ni mjukuu wa ile karatasi, ijapokuwa hajui.

Sasa chukua macho ya Darwin uyalete kwetu. Sisi tuko na maji mengi: Ziwa Albert pale Kasenyi na Tchomia, mto Ituri, Epulu, Shari inayopita hapa mjini. Nimepanua vidole vya mbwa kadhaa kule ufukweni na vya wengine kwenye barabara ya Komanda kwenda Mambasa, watu wakanicheka ("sasa lisansi yako njo ya miguu ya mbwa?"). Wote ngozi yao imechotwa ndani, sawa terrier za Darwin. Wavuvi wetu hawakumpa mbwa kazi ya maji. Mbwa wa Tchomia anangojea ufukweni vichwa vya samaki, haingii ndani ya mtumbwi, na ziwa liko na mamba. Hakuna kazi ya maji, hakuna mguu wa maji.

Kazi ya mbwa wetu ilikuwa msituni. Wambuti upande wa Epulu waliwinda kwa wavu: wanaume wanafunga nyavu kwa nusu duara, wanawake na watoto wanafukuza nyama kwa kelele. Waefe, kaskazini zaidi, wao ni watu wa upinde, na kwenye uwindaji wao wa kundi mbwa njo anayemtoa mboloko kwenye kichaka mpaka anapita mbele ya mishale. Mbwa huyo ni mdogo, manyoya mafupi, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo sawa konokono. Habweki kama mbwa wengine. Anatoa sauti ya kuimba, nusu kilio. Kwa sababu habweki, anafungwa shingoni kengele ya mti, ili mwindaji ajue amefika wapi kwenye majani ambayo jicho halipiti hatua kumi. Mbele ya kufika mahali pa uwindaji kengele inajazwa majani isilie.

Angalia mguu wake sasa: mdogo, umefungwa, vidole vimepinda juu, nyama ya chini nene. Mimi naona ni mguu wa mahali pale. Chini ya msitu ni mizizi, kamba za miti, miiba, matawi yaliyooza. Mguu mpana wenye ngozi iliyotandazwa ungekuwa wa kuchanika kila siku. Na wawindaji hawakupima mguu pia. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti wa Epulu miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake juu yao mwaka 1961, aliandika wazi kwamba mbwa hawakubembelezwa hata kidogo, walipigwa mateke tangu kuzaliwa. Hakuna mtu aliyekaa kuchagua dume na jike. Mbwa mzito alibaki nyuma, mbwa wa kelele nyingi aliharibu uwindaji, mbwa mwepesi alirudi na kula. Msitu ulichagua, mwindaji akasaidia bila kusema.

Na jina je? Mbwa huyu anajulikana dunia nzima, ana vilabu, ana vitabu, na jina lake ni Basenji. Ndiyo, lile neno lenyewe. Wakati wa Wabelgiji, "basenji" walikuwa watu wa kijiji, watu ambao bado "hawajastaarabika", na waliolitumia hawakuwa wazungu tu, hata karani mweusi mwenye kaptula nyeupe alilisema juu ya binamu yake. Mbwa ya basenji, maana yake mbwa ya hao washenzi. Leo mtu wa Chicago anasema jina hilo kwa upendo mwingi, hajui kama anatukana. Mimi silii sana juu ya hilo. Lakini inanishangaza kwamba tusi liliendelea kuishi na kupata heshima, na watu waliotukanwa hawakupata.

Safari yao kwenda Ulaya ilianza vibaya. Mwaka 1895 walionyeshwa Crufts, yale maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, na wakafa kwa magonjwa. Mwaka 1923 mwanamke mmoja mkubwa wa Uingereza, Lady Helen Nutting, alitoka nao sita Sudan. Walipofika walichomwa chanjo ya ugonjwa wa Carré, wakafa wote sita. Mbwa waliokaa kwao, mbali na magonjwa ya mbwa wa miji, hawakuwa na kinga yoyote, na chanjo za wakati ule zilikuwa kali. Aliyefaulu ni Olivia Burn, aliyewajua hapa Kongo ya Wabelgiji. Mbwa wake walioonyeshwa Crufts mwaka 1937 walivuta watu sana, kila mtu anataka kusikia mbwa asiyebweka. Klabu ya Uingereza ikaundwa 1939, ya Marekani 1942, na mwaka 1943 chama kikubwa cha Marekani kikaandikisha aina hiyo kwenye kitabu chake.

Karatasi ikaandikwa, sawa na ya Newfoundland. Miguu iwe midogo, imefungwa, vidole vilivyopinda vizuri. Yaani mguu uliotengenezwa na miiba ya kwetu sasa unapimwa na mwamuzi kwenye zulia.

Hapa mtu wa agronomi lazima asimame. Karatasi siyo shida yenyewe. Shida ni hesabu. Aina nzima huko ng'ambo ilijengwa juu ya mbwa wachache sana waliookoka safari na Carré, kisha kitabu kikafungwa: aliye ndani yuko ndani, aliye nje abaki nje. Mwaka 1959 mwanamke mwingine wa Uingereza, Veronica Tudor-Williams, alitafuta damu mpya akarudi na jike mmoja kutoka Sudan ya kusini, aliyeitwa Fula, na damu ya huyo jike mmoja ikaenea sana. Jike mmoja! Ukifanya hivyo na mahindi, mwalimu wako anakurudisha mwaka wa kwanza.

Matokeo yakaja. Kwanza ugonjwa wa damu, chembe nyekundu zinavunjika mbele ya wakati wake. Miaka ya 1970 wafugaji walipata kipimo cha kuwajua wanaoubeba, wakawaondoa kwa nguvu. Wakapunguza tena kundi ambalo tayari lilikuwa dogo, na wafugaji wenyewe wanasimulia kwamba kwenye waliobaki njo ugonjwa wa pili ulijaa: ugonjwa wa Fanconi. Hapo figo zinashindwa kushika vitu vizuri, sukari na asidi amino zinatoka kwenye mkojo, mbwa anakunywa maji bila kuisha na kukonda huku anakula. Kibaya zaidi, dalili zinakuja mara nyingi kati ya miaka 4 na 8. Wakati huo mbwa amekwisha kuzaa. Ameshinda vikombe kwa mkia mzuri na miguu mizuri, watoto wake wako kila nyumba, ndipo figo zinaanza kumwaga. Jicho la mwamuzi haliwezi kuona figo. Msituni hakuna aliyeangalia figo pia, lakini mbwa asiyekimbia hakuwa na nafasi ya kuficha kitu. Kipimo cha kwanza cha vinasaba kwa Fanconi, cha watafiti wa Missouri, kilitoka mwaka 2007.

Wamarekani wenyewe waliona njia imefungwa. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wachache, mmoja wao Jon Curby, walikata tiketi mpaka Zaïre, wakaingia kaskazini-mashariki, upande wa Wazande kule Uele, kijiji kwa kijiji, wakitafuta watoto wa mbwa wa kuwinda. Walirudi pia na rangi ambayo kitabu hakikuwa nayo, ile ya mistari sawa ya chui milia. Mwaka 1990 chama cha Marekani kilikubali kufungua kitabu kwa mbwa 14 kutoka Afrika. Kikakifungua tena kuanzia 2009 mpaka 2013. Fikiri vizuri: mbwa mwenye karatasi, mwenye kikombe, mwenye daktari wake, anakuja kuomba uzima kwa mbwa wa kijiji aliyekula mateke.

Ninyi mliosoma na mimi mnaijua hadithi hii kwa jina lingine. Mama wa Djugu akivuna maharage anaweka pembeni ya kupanda: yale yaliyozaa mwaka wa mvua mbaya, yale yasiyooza, yale yanayoiva haraka kwenye kuni chache. Hana karatasi. Mfuko wake una rangi nne zimechanganyika, na mtu wa mradi anamwambia achague rangi moja, nzuri, ya soko. Ng'ombe wetu wa Lugware, wadogo na wenye nundu, angalau waliandikwa kwenye vitabu vya zooteknia. Kwenye masomo yetu mbwa hakupata hata saa moja. Si mazao, haliwi, haingii kwenye takwimu za wizara.

Wanasayansi wa ng'ambo walimwona. Mwaka 2004 utafiti wa vinasaba ulimweka Basenji kwenye kundi dogo la mbwa wanaosimama karibu na mbwa mwitu kuliko wengine. Watu wakashangilia: mbwa wa kale, mbwa wa Mafarao! Polepole. Mwaka 2012 watafiti wengine walieleza kwamba hali hiyo inaonyesha zaidi kutengwa: mbwa hao walikaa mbali, hawakuchanganyika na mbwa wa Ulaya wa karne ya 19, kwa hiyo vinasaba vyao vinajitenga. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko ya Mafarao. Maana yake kitu kinachomfanya awe yeye ni umbali, na umbali unaweza kuisha kwa miaka kumi.

Na unaisha. Mwaka 2002 na 2003 vita iliingia Mambasa, Wambuti wengi wakatoka msituni kukimbilia Beni. Hata miaka hii wauaji wa ADF wamewatoa watu tena kwenye vijiji vya Irumu na Mambasa. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria, labda godoro. Anayekaa kambini haendi kuwinda, na mbwa asiye na uwindaji ni mdomo mmoja zaidi. Wakati huohuo barabara inaleta mbwa wengine: wachungaji wa Kijerumani nusu na robo, wa wafanyabiashara, wa vizuizi, wa machimbo ya dhahabu. Wanakaa palepale kwenye njia panda ambapo mbwa wa msitu anafika na bwana wake kuuza nyama.

Hesabu yake ni rahisi, na haihitaji bunduki. Jike la Basenji linapata joto mara moja kwa mwaka, sawa na mbwa mwitu. Mbwa wengi wengine wanapata karibu kila miezi sita. Kwa miaka mitatu jike la msitu linazaa mara tatu, kama mambo yanakwenda vizuri. La barabara linaweza kuzaa mara sita, na baba wa watoto wa yule wa msitu anaweza kuwa dume yeyote aliyelala chini ya lori pale Komanda.